Jinsi ya kupata madevelopa wanaopenda unachopenda Mastodon, Bluesky na Matrix ukiwa Nairobi: mwongozo kamili

Kama unaandika kodi hapa Nairobi na kitu unachokipenda kabisa sio kile unacholipwa kufanya, basi unajua upweke ninaousema. Mchana mimi niko kazini naunganisha mifumo ya sacco na Daraja, ile API ya M-Pesa (njia ya programu kuongea na M-Pesa), lugha ya Java mwanzo mwisho, na hiyo kazi naiheshimu. Usiku ndio natoa bodi zangu za ESP32, vibodi vidogo vya kielektroniki nilivyonunua Luthuli Avenue, naandika lugha ya Rust, nataka kajimashine ka kupima maji kwa tangi ya juu ya ploti kanitumie meseji kabla maji iishe, na mtu wa Nairobi hahitaji kuelezwa mbona hiyo ni muhimu. Nilikwama kwa kitu kidogo tu, sensa ilikuwa inasoma sawa mara tatu alafu inaganda. Nikauliza kwa grupu moja kubwa ya WhatsApp ya madevelopa, siku mbili kimya, mwishowe mtu akatuma linki ya kozi ya kulipia.

Swali hilo hilo nikaliposti Mastodon, mtandao wa kijamii usio na mwenye mmoja, usiku, nikalala. Asubuhi nikakuta majibu manne, moja lina kipande cha kodi kimerekebishwa na maelezo mbona ilikuwa inaganda. Na miezi kadhaa baadaye, kupitia huko huko, nikapata msee anayeshughulika na vitu kama vyangu na anaishi Kahawa West, matatu moja tu kutoka kwangu. Tungepishana Thika Road miaka kumi bila kujuana.

Sasa watu wengi wanaingia huko wiki moja wanatoka, wanasema hakuna watu. Watu wako. Shida ni kwamba umezoea kuletewa. Kwa zile network kubwa kuna mashine inakusoma na kukuwekea vitu mbele ya macho, huku mashine hiyo haipo ama iko kidogo sana, kwa hivyo kutafuta unafanya na mkono wako mwenyewe, na kuonekana pia unafanya na mkono wako mwenyewe. Ukishaelewa hilo, kila hatua hapa chini itaeleweka.

Kwanza jua unaingia wapi

Mastodon sio tovuti moja. Ni programu huria ambayo Eugen Rochko, Mjerumani, aliitoa 2016, na mtu yeyote anaweza kuiweka kwa seva yake. Seva ziko maelfu, kila moja na mwenyewe na sheria zake, lakini zinaongea pamoja kwa lugha inaitwa ActivityPub, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, waliipitisha rasmi kama kiwango Januari 2018. Fikiria laini za simu: wewe uko Safaricom, mwenzako yuko Airtel, na bado mnapigiana. Ndio maana jina la mtu huko lina sehemu mbili kama barua pepe, jina lake na seva yake. Huu mtandao wote wa seva zinazoongea ActivityPub ndio watu wanaita Fediverse.

Bluesky ni ukoo mwingine, unatumia AT Protocol, ulifunguliwa kwa kila mtu Februari 2024 bila mwaliko. Matrix ni ya kuchat, vyumba vya mazungumzo. Nostr nayo haina akaunti kabisa, una funguo mbili, ya wazi na ya siri, na ukipoteza ile ya siri hakuna mtu duniani wa kukurudishia, kwa hivyo kama hujazoea kutunza funguo acha Nostr iwe ya mwisho. Mimi ningeanza Mastodon, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya huko.

Kuchagua seva

Hapa ndipo watu wanakwama siku tatu na hakuna haja. Unaweza kufolo mtu wa seva yoyote, kwa hivyo seva sio kifungo. Lakini pia sio kitu cha kuchukua tu, juu kila seva ina taimlaini yake ya ndani, yaani posti za wazi za watu wa seva hiyo pekee, na ukiwa kwa seva ya watu wa kodi hiyo taimlaini inakuwa kama baraza, unakaa hapo unasikiliza kabla hata hujafolo mtu.

Fosstodon.org ni ya watu wa programu huria. Hachyderm.io imejaa watu wa miundombinu ya seva na wataalamu wa tech kwa jumla. Infosec.exchange ni usalama wa mitandao. Ruby.social jina linajieleza, phpc.social ni ya PHP, mastodon.gamedev.place ni ya wanaotengeneza gemu. Mastodon.social ndio ile kubwa kuliko zote, iko chini ya hao hao wanaotengeneza Mastodon, kila mtu yuko huko na kwa hivyo baraza lake la ndani halina mwelekeo.

Kabla ya kujisajili fungua ukurasa wa kuhusu wa hiyo seva usome sheria, ni dakika tano. Seva zingine zinakuuliza mbona unataka kujiunga, na hapo usiandike neno moja, andika sentensi mbili za kweli, unafanya nini na unapenda nini, juu anayesoma ni binadamu anayeangalia kama wewe ni spam. Pia angalia kama seva iko kwa orodha ya joinmastodon.org, kwa sababu walio hapo wameahidi kutoa notisi ya miezi mitatu wakitaka kufunga. Na ukitaka kuhama baadaye, wanaokufolo wanahama na wewe, unaowafolo unawabeba kwa faili ya CSV (orodha ya maandishi tu), lakini posti zako za zamani zinabaki kule. Hiyo faili ya CSV idownload mara kwa mara hata kama huna mpango wa kuhama.

Profaili, na swichi mbili ambazo ziko hapo kimya

Kabla hujafolo mtu yeyote maliza profaili. Nikisema maliza namaanisha, juu ukimfolo mtu kitu cha kwanza anafanya ni kufungua profaili yako, akikuta picha haipo na bayo haipo na posti ni sufuri atadhani wewe ni boti, yaani programu sio mtu, hakufolo back, na hiyo nafasi imeenda.

Kwa bayo usiandike cheo cha kazi. Andika unachojenga. "Fullstack developa" haimwambii mtu kitu, wako malaki. "Rust kwa ESP32, napima maji ya tangi Nairobi, mchana ni malipo ya simu" hiyo mtu anaisoma na kama anapenda vitu hivyo anasimama. Weka hashtagi mbili tatu hapo ndani ya bayo. Weka Nairobi, tutaiona kazi yake baadaye.

Ile nafasi ya linki weka tovuti yako ama GitHub ama Codeberg, pale unapohifadhi kodi zako. Kama kwa tovuti yako utaweka linki ya kurudi kwa akaunti yako ya Mastodon yenye rel="me", Mastodon inakagua na kuweka alama ya kijani, watu wanajua huyu ni wewe kweli. Ukiongeza akaunti yako ya Mastodon kwa zile linki za jamii za profaili ya GitHub, nayo inakubali. Hailipiwi.

Sasa zile swichi. Ingia kwa mipangilio ya profaili ya umma, sehemu ya faragha na ufikiaji. Moja inaruhusu profaili na posti zako zipendekezwe kwa wengine, ingine inaruhusu posti zako za wazi zitokee mtu akisearch. Mastodon ilileta search ya maneno kwa toleo la 4.2 mwaka 2023 na waliifanya ya hiari kwa sababu ya faragha, ni jambo zuri, ila maana yake ni kwamba usipoiwasha mwenyewe unaweza kuandika mwaka mzima kuhusu LoRa, ile redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo, na mtu akisearch LoRa asikuone hata mara moja. Ziwashe zote mbili.

Posti ya kwanza

Iandike na hashtagi ya #introduction, una herufi 500 kwa seva nyingi. Sema wewe ni nani, unajenga nini saa hii, umekwama wapi, na unataka kukutana na watu gani. Hiyo ya umekwama wapi ndio inafanya watu wajibu, usiiruke. Alafu ibandike juu ya profaili, unaruhusiwa kubandika hadi posti tano.

Yangu ilikuwa karibu hivi: "Habari kutoka Nairobi. Mchana naandika Java ya malipo, usiku Rust kwa ESP32. Natengeneza sensa ya maji ya tangi, sasa hivi napigana na betri inaisha siku mbili. Natafuta watu wa umeme kidogo na watu wa Afrika Mashariki wanaocheza na bodi. #introduction #RustLang #ESP32 #embedded #Nairobi". Niliandika moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza, na kila moja niliweka lugha yake kwa kile kitufe cha lugha pale unapoandika. Hicho kitufe watu wanakipuuza na kinafanya kazi kubwa, kwa sababu mtu anaweza kuchuja posti kwa lugha, na ukiandika Kiswahili chini ya alama ya Kiingereza utapotea kwa wote wawili.

Hashtagi ndio barabara

Hapa kaa kidogo, hapa ndipo kazi iko.

Tangu toleo la 4.0 unaweza kufolo hashtagi kama unavyomfolo mtu, na posti zake zinakuja kwa fidi yako. Fungua hashtagi, bonyeza kufolo, basi. Anza na tano hadi nane, ukifolo #programming utazama, ni bahari. Folo kitu chembamba: #RustLang, #ESP32, #LoRa, #Django, #Elixir, #PostgreSQL, #Kotlin, kile kitu chako kamili. Desemba ikifika ongeza #AdventOfCode, juu wakati huo watu wanaandika kodi ya mafumbo yale yale kila siku na kuongea na mtu usiyemjua kunakuwa rahisi sana, mna swali moja. Kama unatafuta kazi iko #GetFediHired.

Ukiandika hashtagi yenye maneno mawili anza kila neno na herufi kubwa, #WaterLevel sio #waterlevel. Wasioona wanatumia programu za kusoma skrini na hizo programu zinahitaji herufi kubwa kujua neno linaanzia wapi. Na picha ya bodi yako ama ya kosa kwenye skrini iwekee maelezo ya maandishi. Watu wa huko wanajali hii kitu kweli, wengine hawabusti (hawaisambazi kwa wanaowafolo) posti yenye picha bila maelezo, na wako sawa.

Kuna ujanja wa seva ndogo. Seva yako inajua tu posti ambazo kwa njia moja ama ingine zimeifikia, mara nyingi ni kwa sababu mtu wa hapo anamfolo mwandishi. Kwa hivyo ukiwa seva ya watu mia mbili ukafungua #LoRa ukaona posti tatu za mwezi uliopita, usiseme hakuna watu wa LoRa. Fungua hashtagi hiyo hiyo kwa seva kubwa kwa brauza, kama mastodon.social, utaona mengine. Vile vile kwa profaili ya mtu: ukiona ana posti mbili tu na wafuasi tisa fungua ukurasa wake kwa seva yake mwenyewe, huko ndipo hesabu kamili iko.

Search nayo ina maneno ya kusaidia. Kwa seva zenye search kamili andika language:sw pamoja na neno lako upate posti za Kiswahili, has:media upate zenye picha, from: na jina la mtu upate za mtu huyo pekee. Tovuti ya fedidevs.com imepanga madevelopa wa Mastodon kulingana na lugha wanayoandika, ni mahali pazuri pa kupata watu ishirini wa kwanza. Na kama bando ni ya kuhesabu, ongeza .rss mwisho wa linki ya profaili ama ya hashtagi uisome kwa programu ya RSS, ile inayokukusanyia posti mpya, maandishi yanakuja mepesi.

Jibu kabla ya kuposti

Wiki mbili za kwanza mimi ningesema kwa kila posti yako moja jibu za watu watano. Na jibu la maana. "Nice work" haijengi kitu. Uliza swali linaloonyesha umesoma: mbona umechagua hiyo maktaba na sio ile, betri inakaa muda gani, ulijaribu kulala kwa chipu kati ya vipimo? Mtu aliyekaa wikendi tatu na kitu ambacho familia yake haielewi akiulizwa swali kama hilo anafurahi kuliko akipewa nyota mia. Na ukiona mtu amekwama mahali wewe ulishapita, simama umsaidie, hata kama unajiona wewe ni mdogo. Mimi nilidhani sina la kuwafundisha watu wa Ulaya mpaka mmoja akauliza vile malipo ya simu yanarudisha jibu kwa seva, ile callback, na nikagundua hilo naliandika nikiwa nusu usingizi. Tulichat wiki nzima. Kitu ambacho hapa kwetu kila mtu anakijua, huko ni dhahabu, usikidharau.

Kubusti pia ni muhimu huku kuliko kupenda. Nyota inamwambia mwandishi tu kwamba umefurahi, haiingizi posti kwa fidi ya wanaokufolo, busti ndio inaipeleka kwao. Ukiona developa wa Kenya ameposti kitu kizuri na hakuna aliyekibusti, kibusti.

Muda nao una uzito kwa sababu fidi ya nyumbani inafuata saa tu, posti ya saa nane usiku asubuhi imezikwa chini. Saa kumi na moja jioni ya Nairobi, Berlin ni alasiri na New York ni asubuhi, watu wa pande zote wako macho, hapo ndipo naposti maswali magumu. Zile za Kiswahili naweka saa tatu usiku wasee wakiwa wamefika nyumbani.

Na fuata mnyororo. Ukipata developa mmoja mwenye akili nzuri, fungua posti zake, angalia nani anamjibu mara kwa mara. Hao ndio unatafuta, sio yeye. Yeye ana wafuasi elfu kumi hawezi kukuona, wale wawili watatu wanaobishana naye kila wiki ndio watakuwa marafiki zako.

Bluesky kwa ufupi

Herufi ni 300, mwendo ni wa haraka kidogo. Vitu viwili vya kutumia: fidi maalum, ambazo mtu yeyote anaweza kutengeneza na wewe unaziongeza kama chaneli, na vile vifurushi vya kuanzia vyenye hadi watu 150, unafungua kimoja cha lugha yako unafolo wote mara moja kisha unapunguza polepole. Jina lako linaweza kuwa domeni yako, kama una ya .co.ke unaweka rekodi ya TXT kwa DNS, yaani mipangilio ya domeni, na inakuwa jina lako rasmi, napenda sana hiyo. Ukitaka watu wa Mastodon wakuone huko iko daraja inaitwa Bridgy Fed: ukiwa Bluesky unafolo @ap.brid.gy, ukiwa Mastodon unafolo @bsky.brid.gy@bsky.brid.gy, na posti zako zinaanza kuvuka.

Kutoka kwa posti hadi chumba

Posti ni salamu. Urafiki wa kodi unakua mahali mnapoongea kila siku, na hapo ndipo Matrix inaingia. Miradi mingi ya programu huria ina vyumba huko, kwa mfano watu wa Rust kwa chipu za Espressif wako #esp-rs:matrix.org. Chukua programu ya Element, fungua akaunti, ingia chumba cha kitu unachotumia, soma siku tatu kabla ya kuandika. Ukiuliza weka toleo unalotumia, kosa lenyewe kama maandishi sio picha, na ulichojaribu. Kama wewe ni mtu wa mijadala mirefu jaribu programming.dev, seva ya Lemmy ya watu wa kodi, nayo iko ndani ya Fediverse hiyo hiyo.

Kupata wa hapa hapa

Folo #Nairobi na #Kenya hata kama zina picha za machweo na siasa, juu siku moja mtu ataweka picha ya soldering. Ndio nilivyompata huyu wa Kahawa West: aliweka bodi juu ya meza na nyuma kulikuwa na mfuko wa duka la Luthuli ninalolijua. Nikauliza tu, hiyo sensa walikuuzia ngapi? Tukaanza hapo.

Kabla ya kukutana tulifanya kitu kidogo pamoja, na hii ninakushauri uifanye. Usianze na "tujenge startup". Tulifungua repo, yaani folda ya kodi ya pamoja, kwa Codeberg, hao ni shirika lisilo la faida la Berlin, yeye akaandika upande wa redio mimi upande wa sensa, mistari kama mia mbili. Kwa wiki tatu unajua mtu anajibu vipi akikosolewa, anamaliza anachoanza ama anapotea.

Angalizo la usalama na hapa sina mchezo. Ujumbe wa faragha wa Mastodon haujafungwa kwa siri, mwenye seva anaweza kuusoma, na ukimtaja mtu wa tatu kwa @ ndani yake naye anaupata. Funguo za Daraja, nywila, namba ya simu, usitume huko. Mtu usiyemjua akikuletea kazi nzuri na kukuomba urun repo yake kwa laptop yako ndio akuajiri, soma kodi kwanza ama irun kwa mashine ya pembeni isiyo na kitu chako, kuna walioibiwa hivyo. Na mkikutana iwe mchana, mahali pa watu, mwambie mtu wa nyumbani uko wapi.

Sisi tulikutana Jumamosi kwa Maktaba Kuu kule Upper Hill. Yeye alibeba bodi mbili na multimita, mimi nikabeba betri zangu zinazoisha siku mbili. Kabla ya saa sita alikuwa amepata shida, taa ndogo ya umeme kwa bodi ilikuwa inawaka hata chipu ikilala, akaitoa na blade ya wembe. Usiku huo nikarudi kwa ile posti yangu ya introduction nikajibu chini yake kwamba betri imepona, nikamtaja, nikaweka picha na maelezo yake. Jumatatu kulikuwa na mtu wa Kisumu hapo chini anauliza kama tunaweza kumsaidia na tangi ya shule.